Watoto wanameza vidonge vya kichocho kila mwaka, mbona bado wanakojoa damu?

mwalimu_wa_bondeni

Asalaam aleikum. Mie nasomesha skuli ya msingi huku kaskazini Pemba, mwaka wa sita sasa, na kuna jambo linanikosesha usingizi nataka wanaojua wanifahamishe. Skulini kwetu watu wa afya wakija na vidonge vya kichocho watoto wanapimwa urefu kwa ule ubao wenye mistari, wanakula kwanza uji ama mkate, halafu wanapewa vidonge vyao na mie nasimama pale pale kuhakikisha kila mmoja kameza, mana vichungu vile na wapo wanaovificha chini ya ulimi. Mara ya mwisho vilikuja mwezi wa kumi. Mwezi wa tatu huu mtoto mmoja wa darasa la tano kanifuata peke yake akanambia mwalimu nikikojoa mwisho mwisho inatoka damu. Nikamuuliza vidonge ulimeza? Akasema si ulikua umesimama mbele yangu mwalimu. Na kweli nilikua nimesimama.

Nikaulizia taratibu kwa faragha nikapata wengine watatu darasa hilo hilo. Sasa wazee wameanza kukataa. Baba mmoja kanambia waziwazi mwanangu hamezi tena, kila mkimpa anatapika analala kutwa na maradhi yako pale pale. Sikua na la kumjibu. Wengine wanasema dawa zimepitwa na muda ndo tunaletewa sie, wengine wanasema mdudu keshaizoea dawa.

Suali langu, je dawa ndo imeshindwa ama kuna kitu sie tunakosea? Na yule baba nimwambie nini?

babu_karafuu

Waaleikum salaam mwalimu. Mie nimesoma skuli Pemba miaka ya themanini mwanzo, na wakati ule mtoto wa kiume asokojoa damu ndo alokua wa ajabu, sisemi kwa kukuza maneno. Zaidi ya nusu ya watoto wa skuli Pemba walikutwa nacho miaka ile. Tulikua tukisimama ukutani tunakojoa tunaangaliana nani yake nyekundu zaidi na wakubwa wakisema muacheni huyo anabaleghe. Hakuna alotupeleka spitali kwa hilo. Mimi nilikuja kutibiwa nikiwa mtu mzima na mtoto tayari, nilikua nasikia moto kila nikenda haja ndogo na mgongo unauma huku chini pembeni, daktari akanambia kibofu chako kina makovu ya zamani.

Kwa hio nikisikia watoto wanne darasa zima naona Mungu katusaidia sana. Lakini hao wanne ni wanne kweli, usiwaache.

fundi_hadubini

Mwalimu umefanya jambo kubwa kuuliza. Mie nimestaafu, kazi yangu ilikua maabara, mkojo mililita kumi unausukuma kwenye kichujio halafu kichujio unakiweka chini ya hadubini unahesabu mayai, yai la kichocho chetu lina mwiba kwa nyuma hulikosi. Nimehesabu mayai hayo miaka mingi kwa hio niachie niseme kwa urefu kidogo.

Dawa haijashindwa. Prazikwanteli, ndo jina la vidonge hivo, inaua minyoo mikubwa, ile iliyokwisha komaa na inakaa dume na jike kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Lakini ina mipaka miwili ambayo wazee hawaambiwi na mie naona hapo ndo tunapoharibu. Wa kwanza, haiui vizuri minyoo michanga, ile ilioingia mwilini wiki mbili tatu nyuma, hio inabaki hai inaendelea kukua. Wa pili, dawa sio chanjo. Siku ya pili yake mtoto akirudi kwenye maji yale yale anaingiliwa upya kama vile hakumeza kitu.

Sasa chukua hesabu ya mtoto wako. Kameza mwezi wa kumi. Tuseme jioni ile ile ama wiki ile karudi kuoga bondeni. Kutoka mdudu kuingia kwenye ngozi mpaka yai kutokea kwenye mkojo ni kama miezi miwili mpaka mitatu. Kwa hio mwezi wa kwanza hivi mayai yashaanza kutoka, na mwezi wa tatu anakuja kukwambia damu. Hio sio ile damu ya zamani, ni kichocho kipya kabisa. Na damu kutoka mwisho wa mkojo ndo alama yake hasa, mana kibofu kinapojikamua mwisho ndo kinakamua na vidonda.

Yule baba mwambie dawa ilifanya kazi yake, ila mtoto karudi pale pale alipoupatia ugonjwa. Kuhusu kutapika mwambie pia ukweli, mwenye minyoo mingi ndo husumbuka zaidi baada ya dawa, tumbo linamkata, kichwa kinazunguka, na hupita siku hio hio kwa kawaida. Chakula kabla ya dawa kinasaidia sana, hilo mnafanya na mnafanya vizuri.

Hao wanne wapelekwe kituo cha afya wapimwe mkojo, wasingoje zamu ya skuli. Halafu nakuomba kitu kimoja. Kaa nao mmoja mmoja, waulize wanaoga wapi. Usiulize “mnaoga mtoni”, watakataa kwa kuogopa fimbo. Uliza sehemu gani, chini ya mti gani, saa ngapi, anakwenda na nani. Niletee jibu hapa.

mtu_wa_kusini

Samahani naingia kati, mie wa Makunduchi huku Unguja. Nimekua mpaka nimeoa sijamuona mtu wa kwetu ana kichocho nikajua ni maradhi ya zamani yaloisha. Kwa nini nyie huko mnacho na sie hatuna wakati ni Zanzibar hio hio moja?

fundi_hadubini

@mtu_wa_kusini ardhi yenu ndo imekulindeni. Huko kusini na mashariki ya Unguja ni maweni, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mawe, hamna mito wala mabonde yanayotuama maji mwaka mzima. Kichocho chetu kinahitaji konokono wa maji baridi, Bulinus, na yule anaekibeba hapa visiwani hayuko kwenu. Nenda Kinyasini, Chaani, Mwera uone, huko wanakijua vizuri. Na Pemba ndo kabisa, sehemu kubwa ya kisiwa ni vilima na mabonde, kila bonde na kijito chake, na mpunga juu yake. Baharini hakipatikani, maji ya chumvi hayamfai konokono huyo.

Konokono mwenyewe mdogo tu, sentimita moja hivi. Mtu akikojoa majini mayai yanaanguliwa humo humo, kinachotoka kinamtafuta konokono kinaingia ndani yake, kinakaa kama mwezi mmoja ama zaidi kinazaliana, halafu konokono mmoja anaweza kutoa vijidudu mamia kwa siku na huvitoa zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa mchana. Ndo saa watoto wanatoka skuli joto limewakamata. Kinaingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu na mtu hasikii kitu, pengine muwasho kidogo.

kijana_wa_gombani

Mie naona suluhisho jepesi tu, kama konokono ndo tatizo tumwage dawa majini wafe wote tumalize. Dawa ya kupe ya ng'ombe ipo madukani. Mbona watu wanazunguka sana? Halafu ng'ombe wenyewe wanaoshwa humo humo mtoni, pengine wao ndo wanaleta.

fundi_hadubini

@kijana_wa_gombani tafadhali sana usifanye hivo wala usimshauri mtu. Dawa ya kupe ni sumu, maji yale kuna wanaoyachota ya kunywa. Ipo dawa maalum ya konokono inaitwa niklosamaidi, wanaipiga watu waliofunzwa na bomba mgongoni, wanapima urefu wa kijito kwanza, na hata hio inaua samaki kwa hio wanakijiji wanaambiwa mapema wasichote wasivue. Na haimalizi. Konokono hawa kiangazi bonde likikauka wanajizika kwenye tope, mvua ikija wanafufuka. Unapiga leo, masika ijayo unawakuta.

Ng'ombe wa Pemba kweli wamekutwa na kichocho chao, mdudu wa aina nyingine, na konokono ni hao hao, kwa hio ukimpata konokono mwenye vijidudu inabidi maabara itazame ni vya nani. Lakini hiki kinachomtoa damu mtoto wa mwalimu kimetoka kwenye mkojo wa binaadamu mwenzake.

bint_shamba

Nimesoma yote nimekaa kimya siku mbili nikaona niandike. Jina langu si hili.

Mnaongea watoto wa kiume kwa sababu wao damu yao inaonekana ukutani. Sie wanawake mtoni ndo tunashinda. Mfereji kwetu maji yanakuja siku mbili kwa wiki, usiku, na nguo za watu saba hazingoji, unachukua beseni unashuka bondeni unaingia maji ya magoti unafua kutoka saa nne mpaka adhuhuri. Mpunga tunapanda sie, miguu ndani ya maji. Nimefanya hivo tangu nna miaka minane.

Nilipoolewa nikaanza kutoka maji machafu, na damu nje ya siku zangu, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Nikenda kituo kimoja, sikitaji, alonihudumia hakunipima chochote akaniandikia dawa za maradhi ya zinaa na akasema mbele ya watu mlete na mumeo mana mmoja wenu hatulii. Nlimeza dozi ile mara tatu kwa miaka miwili. Mume wangu akajua nimetoka nje, mimi nikajua yeye ndo katoka nje. Mama mkwe akakata mguu nyumbani kwangu. Mimba hazishiki. Tukaachana.

Alokuja kugundua ni daktari mwanamke nilopelekwa na shangazi yangu, akaniuliza suali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, “ulikua ukifua wapi ulipokua mdogo?” Akanieleza mayai ya kichocho hayakai kwenye kibofu peke yake, kwa mwanamke yanakwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yanafanya vidonda, na vidonda vile vinafanya hata ukimwi uingie kwa urahisi zaidi. Nimetibiwa. Vidonge vile vile wanavyomeza watoto wa mwalimu. Makovu yaliobaki hayaondoki kwa vidonge lakini maumivu yamepungua sana alhamdulillah.

Ndoa yangu haikurudi. Mwalimu nakuomba wasichana wako wasikae nje ya jambo hili. Wao hawatokuja kukwambia kama alivokuja yule mvulana.

babu_karafuu

Mwanangu bint_shamba nimesoma nimelia. Nna mabinti watatu wote wamefua bonde lile lile nilokua nikioga mie. Leo jioni nitakaa na mama yao.

mtu_wa_kusini

Pole sana dada. Kwa kweli sikujua kitu cha namna hii.

mwalimu_wa_bondeni

Nimerudi. Bint_shamba Mungu akulipe kheri kwa kuandika, nitafika kwenye maneno yako.

@fundi_hadubini nimefanya kama ulivosema. Nimekaa nao mmoja mmoja, sikushika fimbo wala daftari. Wa kwanza kasema anaoga chini ya daraja dogo, pale barabara inapopita juu ya kijito, ambapo mvua zimechimba shimo la kuogelea. Wa pili kasema hapo hapo. Wa tatu anakaa upande wa pili kabisa wa kijiji nikajua atataja pengine, kasema anapita pale akitoka chuo cha Kurani saa nane, mana jua kali. Wa nne haogi, kazi yake kumuoshea baba yake vespa, na anaiosha pale pale chini ya daraja. Nikenda kuwauliza watoto wa darasa jengine wanaoga kijito cha juu karibu na msikiti, hakuna hata mmoja anaesema damu.

Nimekwenda kutazama mwenyewe. Maji yanasimama, majani yamejaa pembeni, konokono wamo kwenye majani, sikuwagusa. Na juu yake kidogo kuna kichaka ambacho dalili zote zinaonesha watu wanajisaidia, choo cha karibu kipo mbali. Mie kila siku napita juu ya daraja lile na baskeli.

fundi_hadubini

Hilo ndo jibu mwalimu. Nilikua nalitarajia lakini nimefurahi umelipata mwenyewe.

Nikueleze kwa nini nililitaka. Ule mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba wa mwaka 2012 mpaka 2017, vidonge vilikua vinatolewa mara mbili kwa mwaka, skuli na majumbani, sehemu nyengine wakaongeza dawa ya konokono, sehemu nyengine wakafanya elimu, siku za kichocho maskulini, majukwaa ya kufulia, vyoo vya kukojolea watoto. Kichocho kilishuka sana kisiwa kizima. Ukichukua wastani wa Pemba utasema kimekwisha. Lakini wastani unachanganya shehia, yaani maeneo madogo yanayosimamiwa na sheha, ishirini zisizo na kitu na shehia moja ambayo bado inawaka, na ndani ya shehia hio moja ukitazama vizuri ni bonde moja, na ndani ya bonde ni shimo moja chini ya daraja. Maradhi yanapokua mengi yako kila mahali, ukigawa dawa kwa wote unapata. Yakipungua yanajificha sehemu chache na hapo kugawa peke yake hakutoshi, inabidi uyafuate yaliko. Ndo mana siku hizi kuna shehia wanapima mtu mmoja mmoja na kufuatilia nyumba yake na maji anayotumia, badala ya kuwapa wote vidonge na kuondoka.

Kwa hio fanya hivi. Nenda kwa sheha na ulichokiona, muende pamoja ofisi ya afya ya wilaya muwaambie tumepata watoto wanne na maji yao ni haya, wao ndo wenye watu wa konokono. Pale Wawi, Chake Chake, kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, ipo tangu mwaka 2000 na kichocho wanakijua sana, wilaya inajua namna ya kuwafikia. Na wapimwe wanaoishi na watoto hao wote, si watoto tu, mana mkubwa mmoja anaekojoa pale kichakani anatosha kuwarudishia konokono kila mwezi.

kijana_wa_gombani

Nimeelewa mzee wangu, nashkuru. Nilikua karibu kununua ile dawa kwa kweli.

Ila mie nauliza la maji. Sensa ya 2012 Zanzibar nzima tulikua milioni moja na laki tatu, ya 2022 tumefika milioni moja laki nane na themanini na tisa elfu. Watu wote hao wanaoga wapi? Unamwambia mtu usishuke bondeni na mfereji hautoki, unamwambia afue na nini?

bint_shamba

Hilo ndo suali la kila mwanamke hapa @kijana_wa_gombani. Sisi hatushuki bondeni kwa kupenda.

fundi_hadubini

Ni kweli na sina jibu la mfereji. Ninaloweza kusema ni la nyumbani. Maji ya kijito ukiyachota ukayaweka kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili, vijidudu vinakufa vyenyewe, haviishi zaidi ya hapo bila ya kupata mtu. Hakikisha hujachota na konokono. Ukiyachemsha pia vinakufa. Ya kisima kirefu hayana tabu. Kama lazima ushuke, shuka asubuhi mapema kuliko mchana, inapunguza ingawa haiondoi, na chota ufulie juu nchi kavu usisimame ndani ya maji.

babu_karafuu

Na udhu? Sie wazee wa shamba adhuhuri inatukuta bondeni, tunatia udhu pale pale kijitoni, mikono mpaka kwenye visugudi na miguu. Ndo hio saa ulosema.

fundi_hadubini

Hio hio mzee wangu. Chukua dumu la maji yaliokaa siku mbili nenda nalo shamba. Na istinjaa vilevile, usijisafishie ndani ya maji. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliotuama, na hili nimeliona likiingia kwenye vichwa vya watu kwa haraka kuliko picha zangu zote za konokono. Mwalimu, muombe imamu aliseme Ijumaa.

mwalimu_wa_bondeni

Nimemuomba, kakubali, Ijumaa hii inshallah. Sheha nimeonana nae jana, tunakwenda wilayani Jumatatu. Watoto wanne wamepimwa, watatu wamekutwa na mayai, wa nne mkojo wake ulikua na damu lakini mayai hayakuonekana ameambiwa arudi.

Yule baba nimekwenda nyumbani kwake. Nilimueleza hesabu ya miezi kama alivoiandika fundi, mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Alinyamaza muda mrefu halafu akanambia vespa yangu mimi ndo nnaemtuma akaioshe pale. Mtoto kameza vidonge mbele ya baba yake.

Kwa wasichana nimezungumza na mwalimu mwenzangu wa kike, atakaa nao peke yao darasa la tano mpaka la saba. Kaniuliza aanze na suali gani nikamwambia aanze na lile la daktari wa bint_shamba, mnafua wapi.